Meli Zilizokosa Kazi

Safari za meli za starehe, ambamo abiria huzunguka bandari kadhaa akilala chumba kilekile, hudhaniwa zilizaliwa na anasa za matajiri. Naamini zilizaliwa na meli kukosa kazi. Albert Ballin wa kampuni ya HAPAG ya Hamburg alikuwa na meli za kuvusha watu Atlantiki, na kila majira ya baridi abiria walipungua. Januari 1891 aliitoa Augusta Victoria kwenye njia yake, akaipeleka Mediterania na abiria 241 kwa karibu miezi miwili. Wapo watakaosema kampuni ya P&O ilitangulia, maana mwaka 1844 ilimsafirisha mwandishi Thackeray katika bahari hiyohiyo. Ni kweli, lakini Thackeray alibadilisha meli njiani, na meli hizo zilikuwa kazini, zikibeba barua. Hata Prinzessin Victoria Luise, iliyojengwa mwaka 1900 kwa ajili ya matembezi tu, ilikuja baada ya meli iliyoazimwa kutoka njia ya Atlantiki kuthibitisha kuwa wateja wapo.

Ndege za jeti zilipoanza kuvuka Atlantiki mwaka 1958, uhaba huo wa abiria ukawa wa mwaka mzima. Itazame meli ya France: ilijengwa kwa ajili ya mwendo kasi, na mabwawa yake ya kuogelea yakafunikwa kwa sababu ya baridi ya kaskazini. Iliegeshwa mwaka 1974. Iliponunuliwa mwaka 1979 na kuitwa Norway, iliondolewa rafadha mbili kati ya nne, ikawekewa bwawa la wazi upande wa nyuma, kisha ikapangiwa safari za Karibi kutoka Miami. Kasi iliyokuwa fahari yake sasa ilikuwa gharama ya mafuta tu.