Ayala ni wa Nani? Mfalme, Mwenye Shamba, au Raia Wote

Katika Zaburi tunasikia habari za ayala anayetafuta maji. Mnyama huyo haonekani katika misitu yetu ya Kongo. Anafanana na swala, ila dume ana pembe zenye matawi, nazo huanguka kila mwaka na kuota tena. Huko Ulaya na Marekani ndiye mnyama wa mwitu anayewindwa na wengi. Kwa ajili yake watu wametobolewa macho, wamefungwa, hata wamenyongwa.

Na ugomvi wenyewe haujaisha mpaka leo. Wawindaji wa Marekani wanabishana kila mwaka: ni heri mtu kununua ardhi yake mwenyewe na kuwinda humo kwa raha, au kuwinda katika ardhi ya wote bila kumwomba mtu ruhusa? Tukifuata njia ya historia tutaona kwamba hapo pana maswali mawili, wala si moja. La kwanza: mnyama ni wa nani? La pili: udongo anaoukanyaga ni wa nani? Watu wakiyachanganya maswali hayo, mnyonge ndiye hupata hasara.

1. Msitu wa mfalme

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandie, alivuka bahari akaishinda Uingereza. Alipenda mno kuwinda. Karibu mwaka 1079 alitenga kusini mwa nchi eneo kubwa linaloitwa New Forest mpaka leo. Tufahamu vizuri: katika sheria ya siku zile, neno «msitu» halikuwa na maana ya miti tu. Lilikuwa jina la nchi yoyote iliyowekwa chini ya sheria ya uwindaji ya mfalme, hata kama ndani yake mlikuwa na vijiji na mashamba. Mkulima aliweza kuwa na shamba lake, lakini ayala akija usiku kula mazao, mkulima hakuwa na ruhusa ya kumuua. Udongo wa huyu, mnyama wa yule! Walioandika kumbukumbu za nyakati hizo wanasema kwamba mtu aliyeua ayala alipofushwa macho.

Mwaka 1217, mfalme Henry wa 3 akiwa angali mtoto, ilitolewa Hati ya Misitu. Hati hiyo iliagiza kwamba tangu hapo mtu asipoteze uhai wala kiungo cha mwili kwa sababu ya nyama ya mfalme. Atatozwa faini, na asiye na kitu cha kulipa atafungwa mwaka mmoja na siku moja. Tena watu huru waliruhusiwa kulisha nguruwe wao katika misitu yao wenyewe iliyokuwa chini ya sheria ya mfalme. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini ayala mwenyewe hakuwa bado wa raia.

Mwaka 1390 ilitolewa sheria nyingine. Mlei asiye na ardhi ya kumpatia shilingi 40 kwa mwaka alikatazwa kufuga mbwa wa kuwinda na kutumia nyavu. Hata wakleri hawakusamehewa: padri ambaye mapato yake hayakufika pauni 10 kwa mwaka alikatazwa vilevile. Basi kuwinda kukawa heshima ya matajiri. Maskini aliyekamatwa na nyama ya ayala alihesabiwa kuwa mwizi.

Neno baya kuliko yote lilikuja mwaka 1723. Wakati huo mabwana wengi walikuwa wamezungushia ayala ua wa mbao katika bustani zao kubwa. Baadhi ya wanakijiji waliingia humo usiku na silaha, nyuso zao zimepakwa masizi wasitambulikane. Kwa ajili ya masizi hayo sheria iliyotungwa iliitwa Sheria ya Weusi. Haikuhusu rangi ya ngozi. Ilisema kwamba anayewinda ayala kwa namna hiyo atanyongwa. Sheria hiyo ilidumu miaka 100, na sehemu yake kubwa ilifutwa mwaka 1823 tu.

2. Pori lisilo na ua

Waingereza waliohamia Amerika walikuwa wamesikia kwa wazee wao habari hizo za mashaka. Basi walipojitenga na mfalme hawakutaka kuona tena ayala wa bwana. Mwaka 1776 jimbo la Pennsylvania liliandika katika katiba yake kwamba watu wana uhuru wa kuwinda, kwa majira yafaayo, katika ardhi yao wenyewe na katika ardhi nyingine yoyote isiyozungushiwa ua. Vermont ilifuata mwaka 1777. Na mwaka 1818, huko South Carolina, mwenye ardhi mmoja alimshtaki mtu aliyewinda katika pori lake ingawa alikuwa amekatazwa. Mwenye ardhi akashindwa. Majaji walisema kwamba kuwinda katika pori lisilo na ua ni haki ya watu wote.

Lakini tusisahau kwamba nchi ile haikuwa tupu. Wenyeji wake wa kwanza waliwinda ayala humo tangu kale, na ardhi nyingi walinyang'anywa. Uhuru wa mgeni ulijengwa juu ya hasara ya mwenyeji. Mwaka 1868 watu wa kabila la Crow, katika agano lao na Serikali, walibakiziwa haki ya kuwinda katika ardhi ya Serikali isiyokaliwa na watu. Baadaye jimbo la Wyoming likadai kwamba haki hiyo imekufa. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 2019, ndipo Tribinali Kuu ya Marekani iliposema kwamba kuundwa kwa jimbo hilo hakukuiua.

Uhuru wa pori lisilo na ua haukudumu. Vita vya kukomesha utumwa vilipokwisha mwaka 1865, majimbo ya kusini yalianza kutunga sheria za kuwazuia watu wasiingie katika mapori ya wenye mashamba makubwa. Kwa nini wakati huo? Kwa sababu mtu aliyeachwa huru, akiwa na bunduki moja na mbwa mmoja, angeweza kuwalisha watoto wake bila kurudi kwa bwana wake wa zamani kufanya kazi kwa mshahara mdogo. Kumfungia pori kulikuwa njia ya kumrudisha shambani. Tena mwaka 1874 ilisajiliwa senyenge ya namna mpya, yenye miiba imara na bei nafuu. Tangu hapo hata nchi tambarare zisizo na miti ziliweza kuzungushiwa ua.

3. Chovya chovya yamaliza buyu la asali

Je, wakati pori lilipokuwa wazi, ayala walikuwa salama? Hapana, na jambo hili wapenzi wa ardhi ya wote wasilifiche. Watu waliwinda bila hesabu, wakauza ngozi na nyama sokoni. Katika karne ya 18 bandari ya Charleston peke yake ilipeleka Ulaya makumi ya maelfu ya ngozi za ayala kila mwaka. Kisha ikaja njia ya reli, na nyama ikafika haraka katika miji mikubwa. Ilipofika mwaka 1900, inakadiriwa kwamba ayala wa mkia mweupe katika Marekani nzima hawakuzidi nusu milioni. Katika majimbo kadhaa walikuwa karibu kwisha kabisa. Kila mtu alichota, hakuna aliyerudisha.

Hapo Wamarekani walikata shauri lenye maana kubwa: walitenga mnyama na udongo. Mwaka 1896 Tribinali Kuu, katika kesi iliyohusu ndege wa kuwindwa, ilisema kwamba wanyama wa mwitu ni mali ya watu wote wa jimbo, na jimbo huwatunza kwa niaba yao. Mwaka 1979 sehemu ya hukumu hiyo ilibadilishwa; lakini majimbo yanaendelea mpaka leo kuwasimamia wanyama kwa ajili ya raia. Maana yake ni hii: mwenye shamba anamiliki miti, majani na maji; ayala aliye huru anayepita hapo si wake. Kwa kawaida hana ruhusa ya kumuua nje ya majira.

Tazameni mfano wa Pennsylvania. Mwaka 1895 jimbo hilo liliunda idara ya kutunza wanyama. Mwaka 1906 lilileta ayala kutoka Michigan, kwa kuwa wake walikuwa karibu kwisha. Mwaka 1907 lilikataza kuua majike. Mwaka 1913 kila mwindaji alianza kulipa dola 1 kwa karatasi ya ruhusa. Haba na haba hujaza kibaba: kwa fedha hizo jimbo lilinunua ardhi yake ya kwanza ya uwindaji mwaka 1920. Leo ardhi hizo zinapata kama hektari 600,000, nazo ni wazi kwa tajiri na kwa mtu wa mshahara wa chini. Mwaka 1937 nchi nzima ilikubali kwamba kodi ya bunduki na risasi itumike kwa kutunza wanyama. Matunda yake tunayaona: leo ayala wa mkia mweupe wanakadiriwa kufika karibu milioni 30.

4. Mnyama ni wa wote, lango ni la mmoja

Serikali kuu ya Marekani inayo ardhi ya hektari milioni 260 hivi. Ni kusema, ni kubwa kuliko Kongo yetu nzima! Nyingi ya ardhi hiyo iko magharibi. Lakini si yote ya kuwinda. Sisi wa Kivu tunajua aina moja ya ardhi ya Serikali: Mfalme Albert wa Ubelgiji alitembelea mbuga za taifa za Marekani mwaka 1919, na mwaka 1925 ikatengwa huku kwetu mbuga yenye jina lake, ambayo leo ni Virunga. Humo kuwinda ni mwiko, kama ilivyo katika mbuga ya Yellowstone. Misitu ya taifa ya Marekani ni kitu kingine: humo mwenye karatasi ya ruhusa anaweza kuwinda kwa majira yake.

Kule Texas mambo ni kinyume. Zaidi ya asilimia 95 ya ardhi ni ya watu binafsi. Ayala ni wa wote kwa sheria, lakini mwenye shamba ndiye ashikaye ufunguo. Hauzi ayala wa pori. Anauza ruhusa ya kupita langoni. Wawindaji hujiunga kikundi na kukodi shamba kwa mwaka. Asiye na fedha hubaki nje, akimtazama mnyama wake mwenyewe akila majani ndani ya ua.

Hata hivyo tusimhukumu mwenye shamba bila kumsikiliza. Yeye hulipa kodi ya ardhi. Huacha miti isikatwe, hupanda majani ya chakula, huwaacha madume machanga wakomae. Wawindaji wakiwa wachache, hatari ya kupigwa risasi kwa makosa ni ndogo. Katika ardhi ya wote siku ya kwanza ya majira huwa kama siku ya soko: magari mengi, watu wengi wenye mavazi ya rangi ya machungwa, na ayala hukimbilia vichaka vya mbali. Anayetaka kupata humo ni lazima atembee sana na kubeba nyama mgongoni.

5. Kesi ya pembe nne

Ugomvi wote huu ulikutana mahali pamoja huko Wyoming. Mwaka 1862 Serikali, ili kupata njia ya reli, iliigawia kampuni ya reli ardhi kwa vipande vya maili moja ya mraba: kimoja cha reli, kimoja cha Serikali, kama ubao wa dama. Vile vya reli viliuzwa baadaye kwa watu binafsi. Basi vipande vingi vya Serikali vilibaki vimezungukwa. Ni vya wote kwenye ramani, lakini hakuna njia ya kuvifikia, ila kuvuka pale pembe za vipande vinapogusana.

Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walikwenda huko kuwinda wapiti, ambao ni ayala wakubwa. Walipofika kwenye pembe walisimamisha ngazi, wakapanda upande huu na kushuka upande ule, bila kukanyaga udongo wa mwenye shamba. Yeye akasema wamepita katika hewa yake! Walishtakiwa, na mwaka 2022 baraza la raia likawaona hawana hatia. Mwenye shamba akadai fidia ya mamilioni ya dola. Mwezi wa Machi 2025 tribinali ya rufani ikakumbuka sheria ya mwaka 1885 inayokataza mtu kufungia ardhi ya Serikali, ikawapa haki wawindaji. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Tribinali Kuu ikakataa kuisikiliza kesi, na hukumu ikabaki. Inahusu majimbo sita tu yaliyo chini ya tribinali hiyo ya rufani.

Basi, ipi ni bora, ardhi ya mtu au ardhi ya wote? Historia haitoi jibu moja. Inaonyesha kwamba ardhi ya wote bila hesabu na bila nidhamu humaliza wanyama. Tena inaonyesha kwamba ua wa mtu bila sheria humrudisha mfalme William kwa jina lingine. Ayala walirudi Pennsylvania kwa sababu mtu mdogo alilipa dola yake na kuacha jike apite. Wale wanne wa Wyoming walishinda kwa sababu miaka 140 nyuma watunga sheria walikumbuka kuliandikia lango. Haki isiyo na njia ya kuifikia ni jina tu. Anayependa mali ya wote na ailipie, aihesabu, na ailinde njia yake.