Khabari za Boila za Kuni katika Maziwa Yetu

Siku hizi ziko boila ziletwazo kutoka Ulaya zichomazo peleti, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa chembe ngumu. Kikivunjika chuma kimoja, mwenye nayo huuliza: Nitapata wapi kingine? Swali hili si geni kwetu. Sisi wa Mbangala na Tunduma tu katikati ya Nyasa na Tanganyika, na merikebu za mvuke za zamani katika maziwa hayo zilikula kuni za mwituni, lakini vyuma vyake vilitoka ng'ambo.

Misheni ya London iliishusha Good News majini Tanganyika mwaka 1885. Vipande vyake vilipita mto Zambezi na Shire, vikavuka Nyasa hata Karonga, kisha vikachukuliwa na wapagazi kwa njia ya Stevenson, ambayo haikuwa mbali na Tunduma ya leo. Basi msomaji na afikiri: parafujo moja ikisahauliwa pwani, ni miezi mingapi ya kuingoja!

Chombo kizuri kitachukulika vipande vipande, ila boila ni shida, maana mvuke hutafuta hata tundu dogo upate kutoka. Chauncy Maples, meli ya Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa Glasgow mwaka 1899, ilifika katika vifurushi 3,481. Lakini boila yake, yenye uzito wa tani 11, ililetwa nzima. Wangoni 450 waliivuta kwa kamba maili 64, mwendo wa maili tatu hivi kwa siku. Meli ilishushwa Nyasa tarehe 6 Juni 1901. Majina ya wavutaji hao hayakuandikwa, nami naona ni hasara.

Boila ikiisha kuwashwa, kazi ya vipuri huanza. Fito za chuma zibebazo kuni huliwa na moto. Hizo fundi hodari akipewa kipimo aweza kuzitengeneza papa hapa. Mabomba ya ndani hushika ukoko wa maji, kisha hutoboka. Hayo yataka chuma cha unene uleule. Bali vali ya usalama haifai kubahatishwa kamwe, maana ikikwama boila itapasuka na kuua watu. Tena kibao cha mtengenezaji, chenye jina na namba, wengine hukipaka rangi au hukibandua. Wakitaka kuagiza kipuri hawajui waagize nini.

Vita ya mwaka 1914 ilionyesha wazi nguvu ya vyuma vidogo. Mwezi wa Agosti meli ya Wadachi, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa huko Sphinxhaven, ndiyo Liuli. Nahodha Rhoades Mwingereza akaja na Guendolen, akaishambulia. Akaondoa sehemu za injini, akaenda zake nazo. Meli nzima ilibaki pale, wala haikuweza kwenda.

Kule Tanganyika mambo yalikuwa kinyume. Graf von Goetzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa hata Kigoma, ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Tarehe 26 Julai 1916 Wadachi, wakitaka kuondoka, waliamriwa kuizamisha. Mafundi wake walitii. Lakini kwanza walipaka mitambo girisi nzito, ndipo wakaizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi. Nani angewalaumu kama wangeivunja kwa nyundo? Maadui walikuwa karibu, na saa zilikuwa chache.

Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena kwa tufani. Waingereza wakaiinua mwaka 1924. Walipofuta matope walikuta injini na boila zingali zafaa. Hapakuwa na haja ya kuagiza nyingine kutoka Ulaya. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, moto ukawashwa katika boila zilezile zilizokuwa zimelala chini ya maji.

Zilitumika hata miaka ya 1970, ndipo zikaondolewa, ikatiwa injini za dizeli. Chauncy Maples ilikuwa imetangulia kubadilishwa hivyo mwaka 1967.