Ukuta wa Ushuru na Mayai ya Mkulima

Wengi wetu hudhani kwamba ushuru wa forodhani ni jambo la serikali na matajiri peke yao. Lakini historia yatuonyesha kwamba ushuru ukipandishwa kwa choyo, madhara yake huingia katika nyumba ya mnyonge. Tena mara nyingi ni mnyonge yule yule ambaye sheria ilitungwa kwa jina lake. Ibra kubwa ya jambo hili ni sheria ya Marekani ya mwaka 1930.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wakulima wa Marekani walikuwa taabani. Wakati wa vita nafaka zao zilikuwa na bei nzuri. Ulaya iliporudi kulima, bei zikaanguka na madeni yakabaki pale pale. Katika uchaguzi wa mwaka 1928, Herbert Hoover aliwaahidi kuwakinga kwa kuongeza ushuru juu ya mazao yatokayo nje. Nia hiyo, kwa dhahiri yake, ilikuwa njema. Ama mswada ulipofika bungeni, kila mjumbe aliwakumbuka watu wa kwao: huyu alitaka sukari ikingwe, yule viatu, na mwingine saa. Wakapeana kura kama watu wapeanao zawadi. Sheria ya kumfaa mkulima ikageuka kuwa ya kila mwenye kiwanda.

Wataalamu wa uchumi 1,028 walitia saini waraka wa kumsihi Rais aikatae. Walionya kwamba bei zitapanda na kwamba nchi nyingine zitalipiza. Hawakusikizwa. Baraza la Seneti liliipitisha kwa kura 44 dhidi ya 42, na tarehe 17 Juni 1930 Hoover akaitia saini. Sheria hiyo ikajulikana kwa majina ya wajumbe wawili walioisimamia, Smoot na Hawley.

Malipo hayakuchelewa. Kanada, jirani na mteja mkubwa, ilikwisha kutangaza tangu Mei mwaka huo kwamba ushuru itakaotozwa nayo itautoza. Na tuyatazame mayai tu. Marekani ilipandisha ushuru wake kutoka senti 8 hadi senti 10 kwa dazeni. Kanada ikapandisha wake kutoka senti 3 hadi 10. Mwaka 1929 Marekani iliuza Kanada mayai kama milioni 11. Mwaka 1932 hayakufika hata 200,000. Basi yule mfugaji wa kuku aliyeambiwa kuwa anakingwa ndiye aliyefungiwa soko. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Wengine nao wakafuata. Hispania ilipandisha ushuru wake, na Ufaransa ikaweka mipaka ya kiasi cha bidhaa za kuingia. Mwaka 1932 hata Uingereza, iliyokuwa ikijisifu kwa biashara huru, iliweka ushuru wa jumla, kisha ikapatana huko Ottawa na nchi za himaya yake kupendeleana wao kwa wao. Baina ya 1929 na 1933 thamani ya biashara ya dunia ilipungua kwa kadiri ya theluthi mbili.

Ni insafu kusema kwamba ushuru haukuwa sababu pekee. Masoko ya hisa yalikwisha anguka Oktoba 1929, na mabenki yakafilisika. Lakini mgonjwa alipohitaji hewa, kila jirani alifunga dirisha.

Hata pwani yetu inaingia katika habari hii. Katika miaka hiyo vitambaa vya Japani vilikuwa rahisi. Mwaka 1934 Uingereza, ili kuvinusuru viwanda vyake vya Lancashire, iliviwekea mipaka katika makoloni mengi, kama Malaya na Ceylon. Haikuweza kufanya hivyo Afrika Mashariki, kwa kuwa mikataba ya Bonde la Kongo ilitaka bidhaa za mataifa yaliyotia saini zitendewe sawa. Kwa hivyo maskini wa Mombasa au Tanga aliendelea kujisitiri kwa bei nafuu, ilhali mwenzake wa Malaya alibanwa kwa faida ya viwanda asivyovijua.

Marekani yenyewe ilianza kurudi nyuma mwaka 1934, ilipotunga sheria ya kupatana na nchi nyingine kupunguziana ushuru. Mwaka 1947, huko Geneva, nchi 23 zilitia saini mapatano makubwa ya biashara. Kujenga ukuta kulichukua muda mfupi. Kuubomoa kulichukua miaka.

Je, somo lilihifadhiwa? Mwaka 2018 Marekani iliongeza ushuru juu ya bidhaa nyingi za China. China ikalipiza kwa kutoza asilimia 25 juu ya soya ya Marekani, na serikali ikalazimika kutoa mabilioni ya dola kuwafidia wakulima wake. Na Aprili 2025 ikatangaza ushuru mpya juu ya bidhaa za karibu dunia nzima.

Si kila ushuru ni dhuluma. Serikali yahitaji mapato, na kiwanda kichanga huweza kuhitaji kinga kwa muda. Dhuluma ni kutaka kuuza kwa mwenzio na usitake kununua kwake. Biashara ni nipe nikupe. Akosaye kutoa mkono wa kununua asistaajabu akikosa wa kumnunulia. Mwenye akili na azingatie.