Meza ya wageni na mashua ya wenyeji: historia ya wachoraji wa Skagen katika vitabu na sinema

Katika masomo ya historia tumefundishwa kumwuliza kila shahidi maulizo mawili: alijua mambo anayoyasema? na tena, alisema kweli? Maulizo hayo ni ya lazima. Lakini kuna ulizo la tatu ambalo tunalisahau upesi: shahidi huyo alikuwa ameketi wapi alipoyaona mambo yale? Maana mtu aweza kujua vema, aweza kusema kweli tupu, na hata hivi masimulizi yake yakaacha nusu ya watu nje ya mlango. Jambo hilo tunataka kulionyesha kwa mfano wa mji mdogo wa mbali, Skagen, katika inchi ya Denmark. Wachoraji wengi walikusanyika pale katika karne ya 19, na juu yao vimeandikwa vitabu na kutengenezwa sinema. Kiisha tutasema neno juu ya misioni zetu, kwa kuwa mfano huo unatugusa karibu kuliko tunavyofikiri.

1. Mji kabla ya wachoraji

Skagen iko kwenye ncha ya kaskazini ya Jutland, pahali bahari mbili zinapokutana, Skagerrak na Kattegat. Ilipewa haki za mji mwaka 1413. Watu wake walikuwa wavuvi. Hawakuwa na bandari. Walivuta mashua zao kwa mikono mpaka juu ya mchanga.

Mchanga huo ulikuwa adui. Upepo uliusukuma juu ya mashamba na nyumba, hata juu ya kanisa. Kanisa la zamani lilijengwa katika karne ya 14, wakati watu wa Denmark walipokuwa wangali Wakatoliki, nalo liliwekwa chini ya jina la Mtakatifu Laurenti, shemasi na shahidi. Inchi iliingia katika Uluteri mwaka 1536, lakini kanisa lilishika jina lake. Mwishowe watu walipaswa kuchimba njia katika mchanga kusudi wafikie mlango siku ya ibada. Mwaka 1795 lilifungwa. Mnara peke yake uliachwa, ukawa alama ya mabaharia, na mpaka leo umesimama kati ya vilima vya mchanga.

Adui wa pili alikuwa bahari yenyewe. Merikebu nyingi zilivunjika kwenye ncha ile. Mwaka 1852 serikali ilianzisha kazi ya kuokoa watu baharini, na waokozi walikuwa wavuvi walewale. Mwezi wa desemba 1862 merikebu ya Uswidi, jina lake Daphne, ilikwama karibu na Skagen. Watu wa mji wakatoka na mashua kati ya mawimbi, na 8 kati ya waokozi walikufa maji.

Tushike neno hilo. Kabla wachoraji hawajaijulisha Skagen kwa ulimwengu, wenyeji walikuwa tayari na historia yao, nayo ilikuwa historia ya watu waliotoa uhai wao kwa ajili ya wageni wasiowajua hata kwa majina.

2. Wageni wanafika

Mwaka 1859 alifika Hans Christian Andersen, mwandishi mashuhuri wa hadisi, akalala katika nyumba ya wageni ya jamaa ya Brøndum. Mwaka uleule, katika nyumba ileile, alizaliwa mtoto mwanamke, Anna Brøndum. Mwaka 1874 alikuja kijana mchoraji, Michael Ancher. Akakaa, na mwaka 1880 akamwoa Anna. Mnorwe Christian Krohg alikuja mwaka 1879, na Peder Severin Krøyer mwaka 1882. Pamoja nao walikuwa Viggo Johansen, Laurits Tuxen, Mswidi Oscar Björck, na mshairi Holger Drachmann.

Walitafuta nini? Walitafuta mwanga wa anga, ambao pale katika jioni ndefu za kiangazi unageuka samawati juu ya bahari na mchanga. Walitafuta pia watu wa kazi ngumu. Walikuwa wamechoka kuchora miungu ya Wayunani ndani ya vyumba vya shule ya Copenhagen. Walitaka kuchora mtu wa kweli katika kazi yake, sawa wenzao wa Ufaransa walivyofanya kule Barbizon. Walikula pamoja katika chumba cha chakula cha Brøndum, na picha zao zikatundikwa kwenye kuta. Katika chumba hicho, mwaka 1908, ilianzishwa nyumba ya kutunza kazi zao, yaani makumbusho ya Skagen. Waanzilishi walikuwa Degn Brøndum, kaka yake Anna, pamoja na Ancher, Krøyer, Tuxen na mwuza dawa wa mji. Mwaka 1946 chumba chote kilihamishwa ndani ya makumbusho, na wageni wa leo wanakitazama.

3. Mashahidi, mmoja mmoja

Shahidi wa kwanza ni kitabu. Mwaka 1879 Drachmann alitangaza masimulizi juu ya mvuvi Lars Kruse, mwokozi hodari wa Skagen, naye Kruse alikuwa angali hai. Ni jambo la kusifiwa: mshairi wa mji mkubwa alitoa kalamu yake kwa mtu maskini. Lakini tuone pia mwisho wake. Kruse alikufa maji mwaka 1894. Drachmann alikufa mwaka 1908, akazikwa katika mchanga karibu na ncha ya bahari mbili, na wageni wanakwenda kutazama kaburi lake. Mwandishi wa sifa alijulikana kuliko msifiwa.

Shahidi wa pili ni picha. Mwaka 1879 Michael Ancher alichora wavuvi wamesimama ufukoni, wanakaza macho baharini kutazama kama mashua itaweza kuizunguka ncha. Picha ile ilinunuliwa na mfalme, na tangu hapo Ancher akawa na jina. Mwaka 1896 alichora mvuvi aliyekufa maji, amelazwa ndani ya nyumba, wenzake wamemzunguka. Ni Lars Kruse. Naye Krohg alichora jamaa ya Gaihede: mume anafunga nyavu, mke anakata mkate. Kwa njia ya picha hizo majina ya watu wadogo yamefika mpaka kwetu. Tusiwanyime wachoraji heshima yao.

Lakini picha inayojulikana kupita zote ni ile ya Krøyer iliyomalizika mwaka 1888, inayoitwa Hip hip hurra. Inaonyesha karamu katika bustani: wachoraji na rafiki zao wameinua bilauri mbele ya meza nyeupe. Degn Brøndum yumo, mwalimu wa shule wa mji yumo, Anna yumo na binti yake mdogo Helga. Wavuvi hawamo.

Basi, vitabu na sinema vilivyokuja nyuma vilifuata karamu hiyo kuliko mashua. Mwaka 1929 Karl Madsen alitangaza kitabu juu ya wachoraji wa Skagen na makumbusho yao. Alijua mambo yake, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao tangu miaka ya kwanza. Lakini ndiyo maana anasimulia kama rafiki wa meza. Mwaka 1987 Mswidi Kjell Grede alitengeneza sinema yenye jina lilelile la picha ya karamu. Mtu wa katikati ni Krøyer, na ugonjwa wa akili uliomwangusha kabla ya kufa kwake mwaka 1909. Mwaka 1999 Anastassia Arnold aliandika maisha ya Marie, mke wa Krøyer, na juu ya msingi wa kitabu hicho Bille August alitengeneza sinema ya mwaka 2012. Marie naye alikuwa mchoraji. Ndoa yake ilivunjwa mwaka 1905, na mwaka 1912 aliolewa na Mswidi Hugo Alfvén, mtunga muziki. Sinema inataka kumtoa mwanamke katika kivuli cha mume wake. Nia hiyo ni njema. Lakini hata kivuli hicho kilikuwa kivuli cha pale mezani.

4. Hukumu

Je, tuseme wasimulizi hao ni waongo? Hapana. Sinema ina saa mbili tu, nayo inataka moyo mmoja wenye mateso kusudi watu wakae kimya na kutazama. Kitabu kinafuata maandiko, na wachoraji waliacha barua nyingi, lakini mvuvi aliacha nyavu na kaburi. Hakuna uongo katika neno hilo. Lakini kuna hatari: msomaji anaweza kufikiri kwamba mji ulianza kuishi siku mchoraji wa kwanza alipofika, na kwamba ulikufa siku wa mwisho alipozikwa. Mambo hayakuwa hivyo. Reli ilifika Skagen mwaka 1890, bandari ilifunguliwa mwaka 1907, na wana wa wavuvi waliendelea kuvua. Leo Skagen ni moja ya bandari kubwa za uvuvi za Denmark. Wageni walikuja wakaenda. Wenye mashua wamebaki.

5. Mtoto wa nyumba

Kati ya mashahidi wote kuna mmoja tunayependa kumwangalia kwa muda zaidi: Anna Ancher. Wengine wote walifika kwa safari. Yeye alizaliwa pale. Shule ya kifalme ya uchoraji haikupokea wanawake mpaka mwaka 1888, kwa hiyo alijifunza katika shule ya mwalimu mmoja huko Copenhagen, kiisha akarudi kwao.

Alichora nini? Hakuchora dhoruba wala mashujaa. Alichora mtumishi jikoni amegeuza mgongo, mwanamke kipofu chumbani mwake, na mama yake mzee. Mwaka 1891 alichora maziko: watu wa mji wamesimama kulizunguka sanduku la maiti. Mwaka 1903 alichora watu wanasikiliza mahubiri huko nje, kati ya vilima vya mchanga. Wageni waliona mavazi ya wavuvi na nguvu za mikono yao. Mtoto wa nyumba aliona namna wanavyoomboleza na namna wanavyosali. Mgeni anaweza kuona mengi ambayo mwenyeji ameyazoea mpaka hayaoni tena. Lakini kuna milango inayofunguliwa kwa mtoto wa nyumba peke yake.

Hata hivi tusisahau: Anna naye yumo katika picha ya karamu. Mtoto wa nyumba anaweza kuketi kwenye meza ya wageni. Kuketi pale si dhambi. Ubaya ni kusahau njia ya kurudia jikoni.

6. Neno juu ya misioni zetu

Wapenzi wasomaji, mmekwisha kuelewa tunakotaka kufika. Kardinali Lavigerie aliwaagiza Mapadri Weupe waandike habari za kila misioni siku kwa siku, na madaftari hayo ni mali kubwa. Bila hayo tusingejua kitu juu ya mambo mengi ya mwanzo. Juu ya Mpala, ambako mapadri walifika mwaka 1885, vitabu vinatupa majina yao, vinatupa na jina la kapiteni Joubert. Tunawashukuru. Lakini walioandika waliona kutoka pahali walipoketi. Nani alipiga kasia ziwani? Nani aliwafundisha lugha? Nani alikuwa akikusanya watoto chini ya mti na kuwafundisha sala, wakati padri alikuwa anapita pale mara moja kwa mwaka? Mara nyingi daftari linajibu kwa neno moja: katekista. Jina halimo.

Siku hizi kalamu iko katika mikono ya watoto wa nyumba. Tangu mwaka 1910 Stefano Kaoze, aliyekuwa angali mseminari, alianza kutangaza maandiko juu ya mawazo ya Wabantu. Mwaka 1917 akapewa upadri, wa kwanza kati ya wana wa Kongo. Alitufungulia njia. Lakini upadri na masomo vinatupeleka sisi nasi mezani, na vitabu vidogo vya yubile tunavyoandika vina picha za maaskofu na mapadri toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Tunajilalamikia kwamba wageni walituandika vibaya, na sisi wenyewe tunawaandika baba zetu vivyo hivyo.

Mtakatifu Paulo hakufanya hivyo. Someni tena sura ya mwisho ya barua kwa Waroma: majina na majina ya wanaume na wanawake, watumwa kati yao bila shaka, hata jina la Tertio aliyeshika kalamu. Naye Laurenti, msimamizi wa kanisa lile lililofunikwa na mchanga, masimulizi ya kale yanasema kwamba alipoamriwa kuzileta hazina za Kanisa, aliwaleta maskini.

Basi tunashauri jambo moja, wala si gumu. Katika kila parokia, katekista ao mseminari wa likizo achukue daftari, aende kwa wazee mmoja mmoja. Aulize: nani alitoa shamba la kanisa? nani alichoma matofali? nani alipika? nani alifundisha kabla ya padri kufika? Aandike jina, jina la kijiji, na mwaka kadiri unavyojulikana. Na akisikia masimulizi mawili yasiyopatana, ayaandike yote mawili na majina ya waliosema. Daftari liwekwe katika nyumba ya paroko pamoja na vitabu vya ubatizo. Tusingoje yubile, kwa maana wazee hawatatungojea.