Sababu za Uhuru kushindwa mwaka 2002

Uchaguzi Mkuu wa Desemba 27, 2002, ulikuwa wa kwanza nchini Kenya ambapo kura zilihesabiwa vituoni, na matokeo yakaanza kujulikana usiku huo. Mwai Kibaki wa NARC alipata zaidi ya asilimia 60. Uhuru Kenyatta wa KANU, takriban 31.

Wengi walilaumu hatua ya Rais Daniel arap Moi kumpendekeza Uhuru. Hata hivyo, mwaka 1992 Moi mwenyewe alishinda kwa takriban asilimia 36 pekee, kwani upinzani ulikuwa umegawanyika. Mwaka 2002, Raila Odinga, Kalonzo Musyoka na George Saitoti waliihama KANU, wakamuunga mkono Kibaki. Uhuru alikubali kushindwa. Utawala wa KANU wa miaka 39 ukafika kikomo.