Wazee Walioketi Unyanyembe

Mwana anayeazimu kumchukua mzazi wake mkongwe katika safari ndefu, awe ni kijana wa leo anayehesabu nauli ya garimoshi mpaka Kigoma na ya chombo katika Ziwa Tanganyika, au awe ni yule wa karne ya kumi na tisa aliyekuwa akihesabu frasila za ushanga na majora ya merekani pale Bagamoyo, hana budi kulikabili suala moja kabla ya mengine yote, nalo ni hili: mzee atafika mpaka wapi? Njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Mrima ikapita Usagara na Ugogo hadi Unyanyembe, ilikuwa imekwisha kulijibu suala hilo kwa namna yake, na jibu lenyewe ndio mji wa Tabora.

Kutoka pwani hadi Unyanyembe ni kilomita zipatazo 800, na msafara ulioandamwa na bahati ulizikata kwa muda wa miezi mitatu hivi, ama ule uliokosa bahati ulichukua zaidi. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke, waliotoka pwani mwezi wa Juni 1857, waliingia Kaze, ndani ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika frasila mbili, yaani ratli 70 kwa makadirio, mbali na chungu chake, mkeka wake na posho yake, wala hakuna aliyetazamia ajitwike na mzee wa mtu juu ya hayo.

Kwa hiyo tadbiri ya safari ya mtu mzima ilianza mapema. Kwanza ulitazamwa msimu, maana aliyeondoka pwani wakati wa masika aliikuta Makata imekuwa bahari ya matope, na aliyechelewa mno akafika wakati ambapo Wanyamwezi wanataka kuwa makwao kulima, basi hapati wapagazi kwa ujira wowote. Kisha akaendewa mnajimu atazame siku iliyo njema. Wosia ukaandikwa, madeni yakatajwa mbele ya mashahidi, na watu wakatakana radhi, kwani aendaye bara na abakiye nyumbani hakuna ajuaye nani atatangulia. Kambi ya kwanza ikawa karibu kabisa na mji, ili lililosahauliwa lifuatwe na aliyebadili nia arudi bila ya kuona haya. Na ikiwa yumo mzee, hapo ndipo ilipojulikana kama magoti yake yamesema kweli au yamesema uongo.

Mzee mwenye uwezo alipanda punda, na punda wa Masikati ndiye aliyesifiwa, ijapokuwa bara ilimuua upesi. Asiyeweza kukaa juu ya punda alilazwa katika machela, yaani kitambaa kilichofungwa kwenye mti na kuchukuliwa mabegani na watu wawili waliopokezana na wenzao. Na watu hao walitaka ujira mkubwa, nao hawakuficha karaha yao kila walipoona mlima. Lakini mtihani wa kweli ulikuwa baada ya Ugogo, katika pori la Mgunda Mkali, ambako maji yalikuwa haba na watu walilazimika kutirikeza, yaani kuondoka adhuhuri na vibuyu vimejaa, wakaenda hata usiku, wakalala pasipo maji, na alfajiri wakaamka kuendelea. Kijana aliyapita hayo kwa kuimba. Mkongwe aliyapita kwa kumtaja Mungu.

Nataka niseme neno moja juu ya hongo, ingawa si desturi ya waandishi kuisemea mema. Watemi wa Ugogo walitoza nguo na ushanga kila msafara uliopita nchini mwao na kuyanywa maji yao, na mabishano ya kiasi kitakachotolewa yaliweza kuendelea kwa siku kadhaa, jambo lililowachoma nyoyo matajiri na Wazungu, ambao vitabu vyao vimejaa manung'uniko. Mimi nadhani siku hizo za kubishana ndizo zilizowaokoa wazee na wagonjwa wengi, kwa kuwa hapakuwa na sababu nyingine iliyoweza kumfanya kirongozi mwenye haraka akae pahali pamoja siku tatu.

Isitoshe, njia hiyo iliwafanya hata vijana kuwa wazee. Burton alipoondoka Kaze kwenda ziwani alikuwa na umri wa miaka 36 tu, na kabla hajafika miguu yake ikamfia, akawa wa kuchukuliwa machelani. Speke, mwenye umri wa miaka 30, alifika Ujiji mwezi wa Februari 1858 haoni vizuri, hata ziwa walilolitafuta kwa taabu zote zile akaliona kama ukungu. Miezi miwili baadaye wakapakiwa mitumbwini kwenda kaskazini hadi Uvira kuuliza habari za mto Rusizi, kila mmoja akihitaji mlezi, wala hapakuwa na mwenye afya ya kumlea mwenziwe.

Ama kisa cha mzazi na mwana kilicho wazi kuliko vyote tumeachiwa na Hamed bin Muhammad el-Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliyeyasimulia maisha yake kwa Kiswahili katika uzee wake Unguja, ambako alifariki mwaka 1905. Alikuwa kijana wa miaka kama 18 alipopanda bara pamoja na baba yake, Muhammad bin Juma, mtu aliyekuwa na heshima kubwa Unyanyembe kwa sababu alikuwa amemwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Ilipowadia zamu ya kulivuka ziwa kwenda Urua kutafuta pembe, baba hakuvuka. Aliazimu kurudi Tabora, na mali akataka kuitia mkononi mwa mtu mmoja wa Mrima, mwanawe afuate nyuma. Kijana akakataa. Akasema heri arudi na baba yake kuliko kwenda chini ya amri ya mtu huyo, na mwisho mzee akampa yeye mali.

Kisa hiki nimekirudia mara nyingi, na kila mara naona kwamba ugumu wa kusafiri na mzazi haukuwa katika miguu yake hata kidogo, bali katika funguo za masanduku. Mzee alikuwa na jina, alikuwa na dhamana kwa matajiri wa Unguja, alikuwa na ukwe kwa mtemi. Kijana alikuwa na miguu. Safari ilikuwa njema pale wawili hao walipojua ni mahali gani mmoja ataketi na mwingine ataendelea, na kwa miaka mingi mahali hapo palikuwa Unyanyembe. Wazee wakajenga matembe yao Kwihara, Kaze na Ituru, nyumba pana za udongo zenye ua katikati na mapaa ya kulala bapa, wakapanda miembe, wakalima mpunga na vitunguu, wakasubiri barua za wana wao waliokuwa Ujiji na Manyema. Si mji wote ulioanzishwa hivyo, maana Wanyanyembe walikuwapo na utawala wao kabla ya hao kuja, lakini sura ya Tabora ya misafara, ile ya baraza, kahawa na hesabu za madeni, ni kazi ya watu walioketi.

Mgeni mmoja alikataa kuketi. Livingstone, aliyefikishwa Kwihara na Stanley mwezi wa Februari 1872 akiwa karibu na umri wa miaka 59, aliombwa arudi kwao kutengeneza afya akakataa, akangoja katika tembe mpaka tarehe 14 Agosti walipomfikia wapagazi kutoka pwani. Mwanawe Oswell alikuwa amekuja Unguja mwaka uo huo katika msafara wa kumtafuta; akashauriwa asipande bara, akarejea Uingereza bila ya kumwona baba yake. Mzee akaelekea kusini, akafariki tarehe 1 Mei 1873, na waliomrudisha kwa njia ile ile ya Unyanyembe, akiwa maiti iliyokaushwa, walikuwa Susi na Chuma na wenzao. Simlaumu Oswell sana. Lakini wapagazi walifika.

Reli ilipoingia Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, miezi ikageuka kuwa siku, na sababu ya kumwacha mzee Unyanyembe ikaondoka. Baada ya reli ikapita stesheni ya Tabora meli nzima, iliyoundwa Papenburg, kaskazini ya Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa masandukuni, ikaja kuungwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916. Waingereza wakaiinua, nayo mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Mtu aliyekwenda Ujiji ujanani kwa miguu, na pembe begani, aliweza sasa uzeeni kwenda ziwani ameketi.

Basi nawe msomaji, ikiwa una mzazi Tabora na umeazimu kumpeleka ziwani, usikate tiketi kabla hujamuuliza ni nani atakayeshika fedha njiani. Na siku moja kabla ya kuondoka mpitishe Kwihara, si mbali na mjini, akae kidogo katika lile tembe alimongoja Livingstone, kisha mwache yeye mwenyewe aseme kama ataendelea.