Karatasi ya Mikorosho

Yeyote aliyewahi kukalia dawati la sheria ya biashara, awe wa uhasibu, wa uchumi au wa ugavi, atakuwa anamkumbuka Bi. Carlill. Kampuni moja ya Uingereza ilitangaza gazetini kwamba atakayetumia kidude chao cha kuvuta moshi wa dawa na bado akaugua mafua makali atalipwa pauni 100. Bi. Carlill akakitumia, akaugua, akadai chake. Kampuni ikaruka. Mwaka 1892 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikaiambia ilipe, na tangu hapo wanafunzi wa nusu ya dunia wanafundishwa ahadi na kukubali kupitia pua ya mama huyu.

Mimi hufundisha somo hili jioni, Kinyerezi, kwenye chumba kimoja nyuma ya steshenari. Wanafunzi wangu wengi wanatoka kazini, wengine wanashuka daladala ya Kariakoo saa kumi na mbili na nusu wakiwa hoi. Bi. Carlill sina ugomvi naye. Ila siku hizi nimemsogeza hadi wiki ya tatu. Wiki ya kwanza naanza na karatasi.

Ni fotokopi niliyopewa kwa ruhusa na mwanafunzi wangu mmoja, majina yote yamefutwa kwa wino mweusi. Ukurasa mmoja wa daftari, mwandiko wa peni, mwaka 1984. Inasema bwana fulani amemuuzia mama fulani mikorosho minane na mwembe mmoja, mbele ya mashahidi wawili na balozi wa nyumba kumi. Chini kuna dole gumba la muuzaji na saini ya mnunuzi. Neno ardhi halimo. Mipaka imo, tena kwa hatua, toka njia ya miguu mpaka kwenye korongo, lakini ukisoma vizuri ni mipaka ya miti.

Nawauliza darasa: huyu mama alinunua nini? Wanacheka. Kila mtu anajua alinunua kiwanja. Yupo hapohapo mpaka leo, bibi sasa, ana nyumba, ana wapangaji wawili na fremu ya duka. Mikorosho ilikatwa zamani. Sasa kama watu wote waliokuwa wamesimama pale walijua kinachouzwa ni mahali pa kujenga, kwa nini hakuna hata mmoja aliyeandika hivyo?

Hapo ndipo somo linapoanza.

Wajerumani, kwa amri ya Kaisari ya Novemba 1895, walitangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe anayeweza kuthibitisha haki yake ni ya taji. Waingereza walipokuja wakatunga sheria ya ardhi ya mwaka 1923, wakaita ardhi yote ya Tanganyika ardhi ya umma, chini ya gavana. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ikapendekeza watu wamilikishwe ardhi moja kwa moja, na Julius Nyerere akajibu kwa kijitabu alichokiita Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa nyepesi na kali: ardhi hakuna aliyeiumba, hivyo hakuna wa kuiuza. Kilicho chako ni jasho lako. Ukifyeka pori, uliofanya wewe ni ufyekaji, udongo ulikuwepo kabla yako. Baada ya Uhuru hoja hiyo ikawa sheria. Mwaka 1963 umiliki wa moja kwa moja ulioachwa na wakoloni ukageuzwa kuwa ukodishaji kutoka serikalini, na kwa miongo iliyofuata msimamo ukawa kwamba ardhi tupu haina bei. Unachoweza kuuza ni maendelezo: nyumba, kisima, miti.

Basi soma tena karatasi yetu. Mikorosho minane na mwembe mmoja. Aliyeiandika hakuwa mjinga wala hakuwa anaficha kitu kwa balozi, maana balozi mwenyewe alikuwa shahidi. Alikuwa anaandika sheria ya nchi yake kwa usahihi kuliko wanafunzi wangu wengi wa mwaka wa pili. Mimi nikiisoma naona kijitabu cha 1958 kimeshushwa mpaka ukurasa wa daftari.

Na kifungu cha mikataba nacho kilikuwa kinamwangalia. Sheria yetu ya mikataba inasema, kwa maneno yangu, kwamba makubaliano huwa mkataba pale yanapofanywa kwa hiari, na watu wenye uwezo wa kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Wanafunzi wanaikariri kama sala. Lengo likiwa haramu, makubaliano ni batili, hata mashahidi wakiwa mia. Angeandika «nimemuuzia ardhi tupu», angekuwa amejipalia makaa. Akaandika miti.

Sheria hii yenyewe imetoka wapi? Watu hudhani ni London. Ni London, ila ilipitia Bahari ya Hindi, na hiyo ndiyo habari ninayopenda kukaa nayo. Mwaka 1872 Waingereza waliitungia India sheria ya mikataba iliyoandikwa vifungu kwa vifungu, kitu ambacho kwao wenyewe Uingereza hawakuwa nacho. Kule waliendelea kutegemea hukumu za majaji. Iliambatana na mifano midogomidogo ya bwana A na bwana B. Mmoja naupenda sana: A anakubali kumuuzia B tani mia za mafuta. Mafuta gani? Hayajulikani, makubaliano ni batili. Lakini A akiwa ni mfanyabiashara wa mafuta ya nazi tu, basi yanajulikana. Mtu wa pwani ukimsomea mfano huo anajihisi nyumbani.

Na nyumbani ilikuwa imeshafika. Tangu 1866 mahakama ya balozi wa Uingereza kule Unguja ilikuwa na rufani zake Mahakama Kuu ya Bombay, kwa sababu raia wengi wa Kiingereza waliokuwa wakishtakiana pale walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi. Tanganyika ilipoangukia mikononi mwa Waingereza, sheria ya mikataba ya India nayo ikavushwa ikatumika huku. Kenya ilikuwa nayo vilevile, mpaka ilipoiacha mwanzoni mwa 1961 na kushika kanuni za Uingereza. Uganda ikafuata njia hiyo baadaye. Tanganyika ikafanya kinyume. Mwaka huohuo wa 1961 ilitunga sheria yake ya mikataba, na ukiilinganisha na ile ya 1872 utaona ni mtoto na mama, hata namba za vifungu vingi zinafanana. Zanzibar nayo ina yake, ya ukoo uleule. Ndiyo maana mwanafunzi wa Kinyerezi akitaka kuelewa kifungu cha 11 kuhusu watoto wadogo, atasaidiwa zaidi na kesi ya India ya 1903, ya kijana aliyeweka rehani nyumba zake kabla ya kutimiza umri, kuliko na vitabu vya Nairobi.

Tofauti si ya mapambo. Kwa Waingereza, anayedai ahadi lazima awe yeye mwenyewe ametoa kitu. Sheria ya 1872 iliongeza maneno machache: kitu hicho kinaweza kutolewa na mwahidiwa «au mtu mwingine yeyote». Mwaka 1882 huko Madras kulikuwa na mama aliyempa binti yake mali kwa sharti kwamba kila mwaka amlipe ndugu wa mama kiasi fulani. Binti akaahidi, kisha akakataa: ndugu huyo amenipa nini mimi? Mahakama ikamwambia mama yako alitoa, inatosha. Jamani, familia ngapi hapa mjini zinaishi hivyo, kaka katoa hela, dada kapewa kiwanja, mdogo wao kaahidiwa chumba? Sheria yetu, kwa bahati ya kupitia India, inawaona watu hawa.

Ila haikukuta ukurasa mtupu. Angalia maneno tunayofanyia biashara: bei, rehani, dhamana, wakala, shirika, hawala, amana, hata mkataba wenyewe. Mengi ya haya ni vichwa vya milango katika vitabu vya fikihi walivyosoma makadhi wa pwani. Kisha hundi, bima na laki vikaja na Wahindi. Mswahili alikuwa na msamiati wa sheria ya biashara kabla Bi. Carlill hajapiga chafya.

Na alikuwa na ujanja wake. Mwanahistoria Fahad Bishara, katika kitabu chake A Sea of Debt cha mwaka 2017, anaeleza kwa kirefu nyaraka za mikopo zilizozunguka kati ya Oman, India na Zanzibar katika karne ya 19. Mojawapo ni bei ya hiari. Mwenye shamba la karafuu anahitaji fedha. Riba ni haramu. Basi «anamuuzia» shamba mwenye fedha, kwa hiari ya kulinunua tena ndani ya muda fulani, na wakati huo analipanga shamba lake mwenyewe na kulipa kodi. Waraka unasema mauzo. Katibu aliyeuandika, kadhi, muuzaji na mnunuzi wote wanajua ni mkopo, na kodi inafanya kazi ya faida. Waingereza walipokaa kwenye viti vya ujaji wakaona kitu hiki kinafanana sana na rehani, na kilichoandikwa kwa adabu ya dini kikaanza kusomwa kwa adabu nyingine.

Ukiiweka karatasi ya Kinyerezi kando ya waraka wa Unguja, unaona ndugu wawili. Pale sheria inapoziba neno la wazi, watu hawaachi kufanya biashara. Hutafuta neno la jirani yake lililo halali, wakaliandika, wakaita mashahidi. Wachumi huita mambo haya sekta isiyo rasmi. Mimi naona urasmi mtupu, dole gumba na kila kitu. Kinachobaki ni swali la nani ataisoma karatasi, na lini.

Kwa wapenda fasihi, Nyerere alituachia pia mfano wa kitabu. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice na kuiita Mabepari wa Venisi. Wote tunakumbuka ratili ya nyama, na Portia anavyoshinda kwa hoja kwamba nyama imeandikwa, damu haikuandikwa. Darasani huwa nawaambia Portia alijichosha bure. Kifungu cha 23 cha sheria yetu kinabatilisha makubaliano yenye lengo la kumdhuru mtu mwili au mali. Kesi ingekwisha kabla ya chai. Lakini angalia ubaya wa hoja ya Portia ukiihamishia huku: mtu mwerevu anashika kilichoandikwa, herufi kwa herufi, anakigeuza dhidi ya walichokusudia wote wawili.

Ndicho kilichomfika bibi.

Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ilikuja kukiri kwamba maslahi katika ardhi yana thamani na thamani hiyo izingatiwe katika miamala. Barabara ikaja, mitambo ya umeme wa gesi ikajengwa, na Kinyerezi ya korosho ikawa Kinyerezi ya madalali. Ndipo wajukuu wa yule muuzaji walipojitokeza na nakala yao ya karatasi ileile. Babu yetu, wakasema, aliuza miti. Miti haipo. Tunaomba kiwanja chetu.

Siku mwanafunzi wangu aliponiletea habari hii alibaki darasani wenzake walipoondoka. «Mwalimu, kwa hiyo karatasi ya bibi ni batili?» Nilimwambia atafute wakili, kwa sababu mimi ni mwalimu tu. Lakini nilimwonyesha kwenye sheria ya ukomo kwamba madai ya kurudisha ardhi yana miaka 12, na bibi amekaa pale zaidi ya mara tatu ya hiyo, bila kificho, akilipia na kujenga. Nikamwonyesha pia kuwa karatasi haisomwi peke yake kama imeanguka toka mbinguni. Ilisainiwa mwaka fulani, chini ya sheria fulani. Alinukuu vyote kwenye simu.

Lilipofika baraza la ardhi na nyumba la wilaya nilikwenda kusikiliza, nikakaa nyuma. Kwa miaka mingi, ukishavuka mahakama ya mwanzo, ungeweza kueleza shida yako kwa Kiswahili ila kumbukumbu na hukumu zikaandikwa Kiingereza, na hapo mikorosho minane ingekuwa imeshageuka kitu kingine. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yamekifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kazi bado ipo. Hata darasani kwangu tunagombana kila muhula juu ya neno la kile mnachopeana ili ahadi iwe mkataba: wengine wanasema malipo, wengine badala, na wavivu wanasema konsidaresheni wakaendelea na maisha. Lakini siku ile nilielewa tofauti iko wapi.

Mwenyekiti alimwamkia bibi kwanza, shikamoo, kisha akamuuliza alinunua nini mwaka ule. Wakili wa upande wa pili alikuwa ameinama tayari kuandika, miti au ardhi.

«Pahali,» bibi akasema. «Nilinunua pahali pa kukaa. Miti aliandika balozi, alisema ndivyo serikali inavyotaka.»

Mwenyekiti akaliandika kama lilivyo. Shauri likaahirishwa ili shahidi aliyebaki hai, mzee wa miaka themanini na ushee, aletwe toka Kisarawe.